Chujeni faili zetu, lakini mtuambie mapema mnataka gani

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako, na nitaandika vile naongea manake mimi si mwandishi, mimi ni mtu wa saiba huku Kayole. Juzi msomaji mwenzangu alilalamika kwa ukurasa huu vile tovuti za kuomba kazi, za basari na za huduma zingine zimezoea kukataa faili za watu, ati unapiga cheti chako picha vizuri, unakipakia, halafu unaambiwa aina hiyo ya faili hairuhusiwi, na akamalizia kwa kusema masharti yote yaondolewe kila mtu atume chenye ako nacho. Wateja wawili waliisoma hiyo barua hapa kwangu wakasema jamaa amenena. Mimi nasema amenena nusu. Kuteseka tunateseka, hiyo sibishi, lakini siku tovuti zitafanya vile anataka ndo atajua hajui.

Tovuti lazima ichague inapokea nini na inakataa nini. Ubaya wa hizi zetu ni vile zinachagua, nyingi zinaangalia jina la faili tu basi, na tena hazikwambii mapema zinataka nini. Hayo mawili yanatoka kwa uvivu mmoja.

Wacha nianze na kwa nini lazima zichague. Watu wanadhani ukipakia faili inaenda tu kukaa mahali ikingoja mtu wa ofisi aifungue. Seva, yaani ile mashine tovuti inakaa ndani yake, ni kompyuta kama hii yangu, tofauti ni kwamba iko macho saa 24 ikijibu kila mtu anayeiuliza kitu. Sasa tovuti nyingi sana duniani zimeandikwa kwa lugha inaitwa PHP, na seva ya aina hiyo ikiombwa faili yenye jina linaishia na .php haikuonyeshi kilichoandikwa ndani, inafanya kilichoandikwa ndani. Hapo ndo kuna hatari. Chukua fomu inayosema weka picha yako ya pasipoti hapa, na haichuji chochote. Mtu mwenye nia mbaya anaandika mistari michache ya PHP inayosema amri yoyote nitakayokutumia itekeleze, anaiita hiyo faili picha.php, anaipakia pale pa picha, halafu anafungua anwani ya hiyo picha kwa brauza yake kama vile wewe ungefungua yako. Ashaingia. Hakuiba nywila ya mtu, hakumhonga mtu, na sasa anaweza kusoma hifadhidata, kubadilisha ukurasa wa kwanza uwe matusi, ama kuchota vitambulisho vya kila mtu aliyejaza hiyo fomu kabla yake, wewe ukiwa mmoja wao.

Na tusijidanganye ati hakuna mtu ana haja na tovuti za Kenya. Januari 2012 tovuti zaidi ya 100 za serikali yetu ziliharibiwa kwa mpigo na mdukuzi wa Indonesia. Sisemi alipitia fomu ya picha, nasema tu watu wa kujaribu milango wako, na hawakuulizi kwanza kama una bajeti.

Kwa hivyo kuchuja ni lazima. Swali ni unachuja aje.

Wazee wa kompyuta watakumbuka Mei 2000, ile barua pepe ya mapenzi iliyotoka Ufilipino ikazunguka dunia nzima kwa siku moja mbili, hata bunge la Uingereza likafunga barua pepe zake kwa muda. Ilikuja na faili inaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ya wakati huo, na hata ya leo usipoibadilisha, ilikuwa inaficha zile herufi za mwisho baada ya nukta, sasa mtu alikuwa anaona TXT tu, anasema hii ni maandishi matupu itaniuma wapi, anabonyeza. Kumbe mwisho wake ni vbs, na hiyo ni programu. Ilijisambaza kwa kila anwani iliyokuwa kwa kitabu chake cha barua pepe na ikaharibu faili zake. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 iliyopita na bado kuna watu wanalipwa kutengeneza tovuti na wanaamini jina la faili.

Mchujo wa jina ni kama yule soja wa mlangoni huku tao, anakupitishia kile kidude chake mgongoni, kinalia pii, na yeye anakwambia pita boss.

Nikueleze kitu kilitokea hapa kwangu mwaka huu. Kijana mmoja alikuja akiomba kazi kwa kampuni fulani, siitaji, fomu yao inataka cheti cha KCSE kwa PDF. Yeye alikuwa na picha ya JPG kwa simu. Badala ya kungoja nimalizie mteja mwingine nije nimgeuzie, akaingia kwa faili za simu, akafuta jpg akaandika pdf, akapakia, na tovuti ikamwekea alama ya kijani ati imepokea.

"Boss, si umeona? Hata sikuhitaji kukulipa."

Nikamwambia, "Hebu bonyeza hapo pa kuangalia kabla hujatuma."

Akabonyeza. Ukurasa mweusi, katikati imeandikwa imeshindwa kufungua PDF. Manake haikuwa PDF, ilikuwa picha iliyovaa jina la PDF. Na angetuma hivyo, afisa wa kuajiri angefungua akute kitu kimekufa, aseme huyu hana cheti, aende kwa mwingine, na kijana angekaa nyumbani akidhani ni mambo ya kujuana. Nilimgeuzia, akalipa shilingi zake, akaenda.

Sasa angalia vizuri hapo. Tovuti iliyoshindwa kugundua kwamba picha ya huyu kijana si PDF ni tovuti ileile itakayoshindwa kugundua kwamba PDF ya mdukuzi si PDF. Uvivu mmoja, umemuumiza mtu mwaminifu na umemwachia mwizi mlango wazi. Halafu mwenye JPG halali, ambayo ingesomeka bila shida yoyote, ndo anakataliwa.

Ukweli wa faili uko ndani yake, pale mwanzo kabisa. Na si siri, fanya mwenyewe leo, chukua faili ifungue kwa Notepad. Utaona takataka nyingi lakini angalia zile herufi za kwanza. PDF inaanza na %PDF halafu namba ya toleo. PNG utaona PNG imeandikwa wazi pale juu. JPG utaona takataka kidogo halafu mara nyingi JFIF ama Exif. ZIP inaanza na PK, hizo ni herufi za jina la Phil Katz aliyeibuni mwaka 1989. Programu ya Windows, ile ya exe, inaanza na MZ, nayo ni jina la mtu, Mark Zbikowski wa Microsoft, yaani jamaa aliweka sahihi yake kwa kila programu ya Windows utakayowahi kufungua na hatukumlipa hata chai. Kwa hivyo mtu akibadilisha jina la exe iwe pdf, zile herufi mbili za mwanzo zinamuumbua palepale. Programu ya kuangalia hizo herufi haiuzwi, iko bure kwa karibu kila lugha ya kuandikia tovuti, PHP yenyewe ikiwemo.

Lakini nisiseme uongo kwamba hiyo inamaliza. Mtu mjanja anaweza kuanza faili yake na GIF89a, ambayo ndo mwanzo wa picha ya GIF, halafu chini yake akaweka PHP yake yote, na ukiangalia mwanzo tu utasema hii ni picha safi. Na faili ya Word ya sasa, ile ya DOCX iliyokuja na Word 2007, ukiifungua utakuta inaanza na PK pia, manake ndani ni zipu ya vifaili vidogovidogo. Ndio maana wenye kujua hii kazi hawategemei kitu kimoja. Wanaangalia jina, wanaangalia ndani, halafu wanaipa faili jina jipya la kubahatisha ili aliyeipakia asijue inaitwaje, na wanaiweka mahali ambapo seva haina ruhusa ya kutekeleza chochote. Hiyo ya mwisho ndo kubwa kuliko zote. Hata PHP ikipenya, inakaa pale kama maandishi tu haina wa kuitekeleza.

Kuna wengine nao wanaandika orodha ya vitu vya kukataa, exe hapana, php hapana, bat hapana, halafu wanalala usingizi. Mtu analeta .phtml, ambayo seva nyingine zinaisoma kama PHP tu. Analeta .PHP kwa herufi kubwa. Analeta picha.php.jpg kwa seva iliyopangwa vibaya nayo inakubali. Huwezi kumaliza kuorodhesha vitu vibaya vya dunia hii. Orodhesha vile unataka, hata vikiwa vitatu, chochote kingine kirudi kilikotoka.

Hapo sasa ndo shida ya msomaji mwenzangu inaingia, manake hiyo orodha fupi ya vinavyokubaliwa mara nyingi imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na mwananchi akijaza fomu.

Chukua mambo ya iPhone. Huku Nairobi simu nyingi za iPhone ni zile za mtumba, mtu anaipata pale Luthuli ama Moi Avenue kwa bei ambayo mshahara unaweza kuvumilia. Tangu mwaka 2017, iOS 11 ilipokuja, hiyo ni ile programu inayoendesha iPhone, hizo simu kuanzia iPhone 7 zinahifadhi picha kwa fomati inaitwa HEIC, Apple wenyewe wanasema inachukua karibu nusu ya nafasi ya JPG. Sawa, nafasi ni nzuri. Lakini mwenye simu hajui, hajawahi kuambiwa, yeye anajua amepiga picha. Dada mmoja alikuja hapa jioni fomu ikifungwa usiku huo, akanitumia picha za vyeti kwa WhatsApp kama dokumenti ili zisipoteze ubora, na hapo alifikiria vizuri kabisa, zikafika kwa kompyuta yangu zikiwa HEIC na tovuti ikazikataa zote. Angezituma kama picha za kawaida zingefika JPG, lakini WhatsApp ingezibana na yale maandishi madogo ya cheti yangefifia, na tovuti hiyohiyo ilikuwa imeandika cheti kisichosomeka kitatupwa. Sasa afanye nini? Tovuti yenyewe inaandika tu kwa rangi nyekundu, kwa Kizungu, faili si sahihi. Si sahihi aje? Kubwa? Ndogo? Jina? Anabaki kuniangalia mimi.

Kwa wenye hizo simu, ingia kwa Settings, halafu Camera, halafu Formats, chagua Most Compatible, kuanzia hapo picha zako zitakuwa JPG. Hiyo nimewapa bure, hapa dukani ningewalipisha.

Enyewe wacha niseme ukweli, hii shida inanilisha. Kugeuza JPG kuwa PDF, kuunganisha vyeti vinne viwe faili moja, kubana PDF ipungue, hiyo ni kazi ya kila siku na ni pesa. Tovuti zikitengenezwa vizuri kesho mimi nitapoteza wateja. Kwa hivyo nikiwaambia zitengenezwe mjue sijitafutii.

Ukubwa wa faili nao una vituko vyake. Karatasi moja ya A4 ukiiskani kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inatoa picha ya pikseli 2,480 kwa 3,508, kwa rangi na bila kubanwa hiyo ni karibu MB 26. Bila shaka JPG inaibana sana. Lakini mtu anaambiwa vyeti vyote viwe PDF moja isiyozidi KB 500, kurasa sita, na kila muhuri uonekane. Ukishusha skana hadi 150 dpi pikseli zinabaki robo, si nusu vile watu wanadhani, na hapo maandishi makubwa yanasomeka lakini yale ya muhuri wa wakili yanaanza kuwa ukungu. Anayeweka KB 500 mwaka huu amejaribu mwenyewe na vyeti vyake? Ama alinakili namba kutoka fomu ya zamani?

Sasa mtu asiye na pesa ya saiba anafanya nini? Anaingia Google anatafuta geuza picha iwe PDF bure, anabonyeza ya kwanza inayotokea, na anapakia kitambulisho chake mbele na nyuma, cheti cha kuzaliwa, PIN ya KRA, kwa tovuti ambayo hajui iko nchi gani wala mwenyewe ni nani. Zingine ni za watu wa maana na zinafuta baada ya muda. Zingine wewe utajuaje? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, tuna ofisi ya Kamishna wa Data, na sheria inasema wazi mwenye kukusanya taarifa zako azilinde, na inaweka masharti hata kabla hazijapelekwa nje ya nchi. Lakini hapa mwenye fomu ndiye amemsukuma mwananchi apitishe kitambulisho chake kwa mtu wa tatu kabla hakijamfikia yeye. Na hata usiende kwa hizo konverta, angalia folda ya Downloads ya kompyuta ya saiba yoyote jioni. Utakuta vitambulisho vya mtaa mzima. Mimi hufuta kila usiku, na najua wenye hawafuti.

Serikali mwaka 2023 ilitangaza huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na mashirika na kampuni nazo zinafunga dirisha za karatasi moja baada ya nyingine. Sipingi, foleni za zamani nazijua. Ila sasa kile kitufe cha kuchagua faili ndo kimekuwa kaunta, na mama wa miaka 60 anafika hapo na Android ya elfu saba na anatarajiwa ajue tofauti ya JPEG na JPG. (Hakuna tofauti, mama, ni kitu kimoja, ile ya herufi tatu ni sababu kompyuta za zamani za DOS hazikuwa zinakubali zaidi ya herufi tatu baada ya nukta. Lakini nimeshaona fomu inayokubali moja na kukataa nyingine, na mwenye kuitengeneza alilipwa.)

Kwa hivyo wenye tovuti wafanye nini. Kama mnataka picha ya kitambulisho, kubalini JPG, PNG, PDF na HEIC, halafu mgeuze nyinyi wenyewe huko kwa seva. Hiyo kazi kompyuta inafanya haraka na haichoki. Na kuna faida mbili juu yake. Ukichukua picha ukaifungua na kuiandika upya kama JPG mpya, takataka nyingi zilizofichwa ndani zinabaki nje, hata ile hila ya GIF niliyosema inaharibika mara nyingi. Ya pili, picha ya simu huwa imebeba taarifa ndani yake, simu gani, saa ngapi, na kama mtu hakuzima lokesheni kwa kamera, latitudo na longitudo za mahali ilipopigwa. Yaani mtu amepiga kitambulisho kwa meza ya sebuleni na amewatumia na ramani ya kwake. Mkiiandika upya hiyo inaweza kufutwa palepale. Ila hiyo programu ya kugeuza nayo isasishwe, mwaka 2016 ImageMagick inayotumiwa na tovuti nyingi kwa kazi hii ilipatikana na tundu ambalo picha iliyotengenezwa kwa ubaya ingeweza kuendesha amri kwa seva.

Vitu vingine mkikataa sitalalamika. ZIP, kataa kama huihitaji, kuna moja maarufu ya KB 42 ambayo ukiifungua mpaka mwisho inajaa hadi petabaiti 4.5, yaani GB milioni 4.5, hakuna seva ya wizara ama ya kampuni itabeba hiyo. SVG, kataa, inaitwa picha lakini ndani ni maandishi yanayoweza kubeba JavaScript, ile lugha ya programu zinazoendeshwa na brauza, na hata WordPress, programu maarufu ya kutengeneza tovuti, haiikubali ukiiwacha vile ilivyokuja. Word ya zamani yenye makro, yaani programu ndogo zilizowekwa ndani ya dokumenti, kataa. Kirusi cha kompyuta kinaitwa Melissa kilipita hapo mwaka 1999, na ilichukua hadi 2022 ndo Microsoft wakaanza kuzuia makro za faili zilizotoka kwa intaneti bila kukuuliza. PDF nayo inaweza kubeba skripti, kwa hivyo ipitisheni kwa antivairasi na afisa asiifungue kwa programu ya miaka kumi iliyopita. Haya yote mwananchi wa kawaida hayamhusu na hana haja ya kuyajua, yeye aambiwe tu kabla hajaanza kujaza.

Na hapo kwa kuambiwa ndo nataka watu wakazie. Andikeni juu ya fomu, kabla ya jina, kabla ya namba ya kitambulisho, kwa Kiswahili na Kiingereza manake Katiba ya 2010 imeweka zote mbili kuwa lugha rasmi: tunakubali picha za JPG, PNG na HEIC ama PDF, kila faili isizidi MB 5. Mstari mmoja. Faili ikikataliwa semeni ni kwa nini na mtu afanye nini, faili yako ni MB 7, punguza ama piga picha upya, si hayo ya faili si sahihi. Na tafadhali sana fomu isifute kila kitu mtu alichojaza eti kwa sababu faili moja imekataliwa, nimeona watu wazima wakitokwa na machozi hapa kwa kurudia kurasa nne. Kile kitufe cha kuchagua faili kinaweza kuelekezwa kionyeshe tu faili zinazofaa mtu akifungua simu, ni neno moja kwa HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Hilo si ulinzi, mdukuzi analiruka bila kutoa jasho, ni adabu tu kwa mtumiaji, na ulinzi wenyewe ubaki kwa seva.

Najua watasema hayo ni gharama. Kuangalia herufi za mwanzo ni mistari michache. Kubadilisha jina ni mstari mmoja. Kuweka folda isiyotekeleza ni mpangilio wa seva wa mara moja. Kinachochukua muda ni kumgeuzia mtu HEIC yake, na hata hiyo kuna programu za bure. Gharama kubwa ni ile ya kuandika upya vitambulisho vya watu vikishaibiwa, na hiyo haina wa kuilipa.

Ningeomba kitu kimoja tu kwa hao wanaotoa tenda za hizi tovuti. Kabla hamjamlipa developa, mkalisheni chini na Android ya bei ya chini, iPhone ya mtumba na bando ya shilingi 20, aombe kazi kwa fomu yake mwenyewe kuanzia juu hadi chini, akitumia vyeti vyake vya ukweli. Halafu ajaribu kuipakia faili ya maandishi aliyoipa jina la cheti.pdf, ikikubaliwa msimlipe. Na kama mmeweka fomu ifungwe saa sita usiku, basi na ile namba ya simu mmeandika pale chini iwe na mtu wa kuishika mpaka saa sita usiku.

Mhudumu wa saiba,
Kayole, Nairobi